Filamu Ndogo za Akua Ataa

Novemba 19

Leo nimebeba maboksi kutoka ghala la chini hadi ghorofa ya pili mpaka mgongo umekataa kunyooka. Nilidhani ni vitabu. Kumbe ni picha za matiti ya wanawake.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Mke wangu Azara yuko Karaga, safari ya siku nzima kwenda kaskazini, na simu tunayoongelea ni ya kaka yake mwenye duka. Siwezi kusimama hapa Kumasi nikapaza sauti kwamba nimepata kazi ya matiti, na shemeji anasikiliza huku anapima sukari.

Nilikuja mjini kusukuma mkokoteni sokoni. Hospitali hii ya misheni iliniita kwa kazi ya kubeba tu. Nilipomaliza, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni akanitazama viatu, kisha uso. Ndiye Anti Dufie, mpiga picha wa eksirei.

"Umesoma wewe?"

"Mpaka kidato cha pili, Anti."

"Basi unaweza kusoma jina la mtu. Baki. Wenye digrii hawataki kushika vitu vilivyokojolewa na panya."

Nimebaki.

Novemba 24

Daktari Nkansah amenieleza kazi. Ni mtu mrefu, anaongea polepole kama anayehesabu meno yake. Miaka miwili iliyopita gari la hospitali lilizunguka mitaani na vijijini, wanawake wakapigwa picha bure. Filamu zilikuwa nyingi, msomaji alikuwa mmoja, naye ni yeye. Alisoma mpaka macho yakamwaga machozi. Sasa kuna mashine ya kuziingiza filamu kwenye kompyuta, na kompyuta nayo inazisoma upya. Ikiona chembe nyeupe kama za chumvi inaweka pembetatu. Ikiona uvimbe inaweka nyota.

"Haijui kitu," akasema. "Inanigusa bega tu, inaniambia, bwana, tazama hapa tena."

Nikamuuliza tunatafuta nini hasa.

"Wanawake wote hawa niliwaambia wako salama. Wengi ni kweli. Namtafuta yule ambaye si kweli, kabla hajaja mwenyewe akiwa amechelewa."

Nikarudi kwenye maboksi.

Novemba 30

Kazi inakwenda hivi. Nafungua bahasha ya zamani, natoa filamu, nafuta, natenga kubwa na ndogo, maana sinia la mashine ni tofauti kwa kila saizi. Nasoma jina kwa sauti, Anti Dufie anaandika kwenye kompyuta. Filamu zinaingia bahasha mpya. Bahasha za zamani zinachomwa nyuma ya chumba cha dobi, maana zinanuka. Zilizo kavu anachukua muuza karanga.

Desemba 2

Filamu. Mgongo.

Desemba 6

Harmatani, upepo wa vumbi kutoka jangwani, imefika. Asubuhi jua lilikuwa kama sarafu iliyochakaa, midomo imepasuka, na kila kitu kina unga. Saa nne Daktari akaingia amevimba. Kompyuta imejaza pembetatu mpaka mwanamke mmoja ana arobaini.

"Huyu ana saratani ya Sahara," akasema. "Hizi ni vumbi! Vumbi juu ya filamu!"

Anti Dufie akanigeukia, akaniita kama wanavyotuita Waislamu wote hapa. "Umeona, Maalim? Vumbi la kwenu limekufuata mpaka huku. Limekuja kukudai."

"Lingenitaka mimi lisingepita kwa Waasante kwanza, Anti."

"Ebo! Kana mdomo haka kamtu ka kaskazini."

Alicheka, lakini chakula cha mchana alikula na wenzake ndani, mimi nikala nje kwenye ngazi. Kila siku ni hivyo. Sijaambiwa nikae nje. Hakuna aliyesema ingia.

Mchana tumetundika shuka mbichi madirishani. Nimepewa glavu, kitambaa laini na mpira wa kupulizia, na kila filamu naiinua kwenye ubao wa taa kabla haijaenda. Anti Dufie alisimama nyuma yangu.

"Vumbi hufutika," akasema. "Likikataa kufutika, liache. Hilo ni la mwenyewe."

Desemba 9

Nimeelewa mtindo wa walioandika bahasha hizi. Baadhi zina neno Panin, baadhi Kakra. Kitwi changu, lugha ya Waasante, ni cha sokoni lakini haya nayajua. Ukitaka pilipili kidogo unasema kakra. Na panin ni mkubwa. Basi ni filamu kubwa na filamu ndogo, wamejiwekea alama.

Leo nimepata bahasha mbili za Akua Ataa Boadu. Siku moja ya kuzaliwa, nyumba moja mtaa wa Tafo, siku moja ya kupigwa picha. Ya Panin ina filamu kubwa nne, ya Kakra ina ndogo nne. Kwenye filamu zenyewe nafasi ya jina ni fupi, jina limekatika kwenye Ataa. Nimeziunganisha bahasha moja, kazi safi.

"Akua Ataa Boadu," nikasoma. "Kubwa nne, ndogo nne."

"Nane zote za mtu mmoja?" Anti Dufie akauliza, vidole viko juu ya herufi. "Haya. Siku zile za gari tulirudia rudia sana." Akaandika.

Kuna wengine wameandika Panin na ndani ni filamu ndogo. Wavivu hawa. Nimewasahihishia.

Desemba 14

Nimeongea na Azara. Mtama umeingia ghalani. Aliuliza nafanya kazi gani, nikasema ya kufuta vumbi. Akasema, "Umekwenda mpaka Kumasi kufuta vumbi?" Shemeji akacheka pembeni.

Desemba 18

Leo Daktari alituita sote wawili kwenye kompyuta. Kulikuwa na nyota. Moja tu, katikati ya kijivu, kwenye titi la kulia. Alipoondoa nyota nikaona pale chini pana kitu cheupe chenye miguu, kama kaa mdogo.

"Nilipitisha hii," akasema. "Miaka miwili iliyopita. Niliandika salama."

Anti Dufie akauliza jina.

"Akua Ataa Boadu. Kwenye filamu ndogo ipo, kwenye kubwa siioni vizuri." Alipandisha na kushusha picha, akakuna shingo. "Lazima aitwe."

Anti Dufie akapiga namba palepale. Nilisikia sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za soko.

"Namtafuta Akua Ataa wa nyumba ya Boadu."

"Ndiye mimi huyu. Nani mwenzangu?"

Anti Dufie akamwambia polepole, kwa maneno ya upole ambayo sikujua anayo. Alipokata simu aliivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Nilidhani ningefurahi.

Desemba 25

Krismasi. Mimi ni Mwislamu, nimelala. Jioni mtoto wa jirani aliniletea wali wenye kuku, akasema ni wa Anti Dufie. Sijui alijuaje ninapoishi.

Januari 4

Akua Ataa amekuja. Mama mnene wa kiasi, anauza samaki wakavu, anacheka hata akiogopa. Akanipa pochi yake nimshikie, kama tumejuana miaka.

"Usikimbie nayo, Maalim. Nauli ya kurudi imo humo. Kama kuna kurudi."

Wamempiga picha mpya. Wamempaka mafuta ya baridi wakamtazama kwa ultrasaundi. Hawakuona kitu, lakini Daktari hakutaka kubahatisha tena. Akamchoma sindano pale nyota ilipoonyesha, akatoa nyama kidogo kwa maabara. Nilimsikia akipiga kelele mara moja, kisha akatukana, kisha akaomba radhi kwa Mungu na kwa Daktari, kwa mpangilio huo.

Januari 8

Vumbi. Minara haionekani.

Januari 12

Majibu ya Akua Ataa ni safi. Hakuna saratani.

Anti Dufie alipiga makofi akacheza kidogo kwa mabega. Daktari hakucheza. Alikaa mbele ya ile nyota muda mrefu.

"Basi ni nini hiki?" akasema. "Mkunjo? Alama ya kidole?"

Akanitazama vidole.

"Navaa glavu, Daktari."

"Nimemchoma mwanamke mzima sindano kwa sababu ya alama ya kidole."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Anasema kama mashine inadanganya hivi, atawaandikia wenyewe waje waichukue. Nimerudi kwenye ubao wa taa nikaiinua ile filamu ndogo. Nikapuliza. Nikafuta. Nikafuta tena. Haikutoka.

Januari 16

Lazima niandike.

Asubuhi tulisikia nyimbo uani. Akua Ataa amekuja kutoa shukrani, amevaa nyeupe, na ndugu zake wamebeba karai la eto, viazi vikuu vilivyopondwa kwa mafuta ya mawese, na mayai ya kuchemsha yamepangwa juu kama vichwa vya vitoto. Anti Dufie akatelemka, wauguzi wakatelemka, na mimi nikatelemka. Mara hii mtu alinishika mkono akaniingiza katikati.

"Huyu alinishikia pochi!" Akua Ataa akapiga kelele. "Mpeni yai!"

Nikapewa yai. Nilipogeuka kushukuru, alikuwa upande wa pili wa karai. Nikageuka tena, alikuwa pale pale aliponipa yai. Wawili. Sura moja, nguo moja, pengo moja la meno ya mbele.

Bibi mmoja akaita, "Panin! Mpe Daktari kwanza, usianze na vibarua!" Yule wa yai akaitikia. Kisha bibi akaita, "Kakra! Maji ya kunawa!" Na yule mwingine akaenda kuleta maji.

Yai lilibaki mdomoni. Nikamfuata Anti Dufie, naye mdomo umejaa eto.

"Anti. Kakra maana yake nini?"

"Kidogo. Leo ndiyo unajifunza Kitwi? Kula."

"Yule mama anaitwa Kakra. Kwa nini anaitwa Kidogo?"

"Kwa sababu ni pacha, wewe! Ataa maana yake pacha. Mkubwa ni Panin, mdogo ni Kakra. Wamezaliwa siku moja, jina la siku ni moja, Akua wote wawili. Utawatofautishaje? Huko kwenu mapacha mnawaita nani?"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja: bahasha mbili, Panin, Kakra, saizi ya filamu, nilivyounganisha, nilivyosoma kwa sauti kubwa nne ndogo nne bila kutaja neno lile, maana nilidhani si jina. Nyota iko kwenye filamu ndogo. Filamu ndogo ni za Kakra.

Anti Dufie aliacha kutafuna.

"Kakra ni jina," akasema taratibu, kama mtu anayeongea na kiziwi. "Ni jina la mtu, Sayibu. Si kipimo."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Nilidhani atanipiga kofi, na ningelipokea. Badala yake akakaa chini kwenye kizingiti na nguo yake nzuri.

"Nilisikia Ataa," akasema. "Mwasante mzima, nasikia Ataa, na siulizi yupi. Na siku ile kwenye gari ni mimi niliyesema filamu ndogo zimekwisha, leteni kubwa. Walikuwa wamesimama foleni pamoja, mmoja nyuma ya mwenzake."

Uani walikuwa wanaimba. Kakra alikuwa anamnawisha Daktari mikono.

Daktari alikausha mikono, akasikiliza, akapanda juu. Nilimfuata kwa mbali. Alizipanga picha zote nane kwenye kioo cha kompyuta, kubwa juu, ndogo chini.

"Hata matiti yao yanafanana," akasema. Kisha: "Mashine haikudanganya."

Hakunitazama. Akatelemka kwenda kuharibu sherehe.

Januari 17

Jumapili. Sikutoka.

Januari 18

Nimekuja na begi langu, najua nimefukuzwa. Daktari akaniuliza begi la nini. Nikamwambia. "Bahasha umezichoma," akasema. "Kilichobaki ni kichwa chako. Weka begi chini, ukumbuke nani mwingine umemuunganisha." Anti Dufie aliandika Ataa kwenye kompyuta na majina yakajaza ukurasa.

Akua Ataa Kakra hataki kuja. Siku ile ya shukrani alimsikiliza Daktari mpaka mwisho, akafunika karai, akasema, "Mmemchoma dada yangu mkaona salama. Tulilala tumbo moja. Damu moja. Mnataka kutuchoma wangapi?" Wakaondoka bila kuimba.

Januari 20

Kakra hajaja. Vumbi.

Januari 22

Hajaja. Daktari amepiga simu mara tatu. Mara ya mwisho alipokea Panin, akasema mwenzake amejifungia chumbani.

Leo nimekula ndani. Anti Dufie alisogeza kiti kwa mguu.

Januari 23

Hajaja.

Januari 25

Tumekwenda Tafo, mimi na Anti Dufie. Nilisema mimi si mtu wa kwenda nyumba ya watu. Akasema, "Uliwachanganya kwa mdomo wako, utawatenganisha kwa mdomo wako."

Tuliwakuta sokoni, meza mbili zilizogusana. Panin anauza samaki, Kakra anauza bilinganya. Kwa karibu naona tofauti sasa: Kakra ana kovu dogo juu ya nyusi, na hacheki kwanza, anasubiri.

"Mchanganyaji amekuja," Kakra akasema. "Leo unataka kubwa au ndogo?"

Wauzaji wa jirani wakacheka. Nikapiga magoti kwenye vumbi, kama tunavyofanya kwetu mbele ya mkubwa.

"Mama, kosa ni langu. Kwetu hatuna Panin na Kakra. Nilifikiri ni saizi. Filamu ile nimeifuta kwa mikono yangu, siku ile wakisema ni alama ya kidole. Haifutiki. Si vumbi. Ni yako."

Kicheko kikakatika. Kakra alipanga bilinganya zake upya, kubwa kwa kubwa.

"Inuka, utatuharibia biashara," akasema. Kisha akaifuta bilinganya moja kwa pindo la nguo. "Mnajua kwa nini mimi ni Kakra? Nilitangulia kutoka, na kwetu anayetangulia ndiye mdogo. Panin ndiye aliyekuwa nyuma, mwenye nguvu, akanisukuma, akasema nenda kaangalie dunia, kama ni nzuri nipigie kelele. Hivyo ndivyo mama alivyotuambia. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayetangulia. Kwenye mume, kwenye ujane, kwenye foleni ya gari lenu lile. Nimechoka kutangulia. Humo mnamotaka niingie nimeona wanaotoka. Adwoa muuza nyanya alitoka bila titi, mwaka haukwisha. Sitaki kuwa wa kwanza kuona giza lile."

Anti Dufie alifungua mdomo. Panin akamkatiza kwa mkono wenye magamba ya samaki.

"Kakra. Nani ametangulia safari hii?"

"Nini?"

"Nauliza nani ametangulia. Walipoita Akua Ataa, nani alikwenda? Nani alilazwa kwenye kitanda kile cha baridi? Nani alichomwa sindano mpaka akamtukana Daktari? Mimi! Kwa kosa la huyu mtu wa kaskazini, mimi nimetangulia. Nimeingia, nimeona, nimetoka. Wewe ndiye uko nyuma." Alikuwa analia na hajifuti. "Sasa nakupigia kelele. Si pazuri, sitakudanganya. Lakini panapitika. Njoo!"

Kakra alimtazama pacha wake kama anayemwona mara ya kwanza.

"Sindano inauma?" akauliza.

"Sana."

"Kesho kutwa," akasema. "Kesho ni siku ya mzigo."

Januari 27

Amekuja. Wameingia wawili, wametoka wawili. Hakupiga kelele.

Januari 29

Mapacha wengine wameanza kuja. Anti Dufie anawapigia simu na swali la kwanza ni "Wewe ni yupi?" Mmoja akasema, "Kwani inahusu?" Anti akasema, "Kuliko unavyojua, mama."

Februari 3

Majibu ya Kakra. Ni saratani.

Daktari alimwambia mbele ya Panin. Baadaye alitueleza sisi: haijafika kwapani kwa kadiri anavyoona, bado inashikika, lakini titi lazima litoke na dawa zifuate. Anti Dufie akauliza, kama angeonekana miaka miwili iliyopita? Daktari akasema, "Usiniulize hilo, Dufie. Kila usiku najiuliza mwenyewe."

Nilimdhania mtu wa baridi. Kumbe naye anayo filamu yake isiyofutika.

Februari 8

Leo pacha mmoja kutoka Suame amekuja peke yake. Panin. Anti Dufie akauliza Kakra yuko wapi ili awape namba zinazofuatana.

"Tulimzika mwaka jana," akasema. "Titi."

Filamu za marehemu tulizikuta kwenye boksi la mwisho, bado ziko kwenye bahasha ya zamani. Hizo sikuziunganisha mimi. Hakuna aliyeziunganisha. Daktari aliziweka kwenye ubao wa taa mwenyewe, bila kompyuta. Hapakuwa na kitu miaka miwili iliyopita, au kama kilikuwepo ni kidogo kuliko macho na mashine. Wakati mwingine hakuna wa kulaumiwa na mtu anakufa vilevile. Sikujua kwamba hilo ni zito zaidi.

Februari 13

Azara ameuliza tena kazi yangu. Nimemwambia yote, na shemeji asikie. Azara akasema, "Mimi nitapigwa picha lini?" Nikamwambia gari halifiki Karaga. Akasema, "Basi nitakuja mimi."

Februari 19

Leo wamemkata Kakra.

Daktari alitaka filamu zile ndogo ziwepo kwenye chumba cha upasuaji, ziwe kwenye ubao wa taa mbele yake, si kwenye kompyuta. Nimezipeleka mimi. Mlangoni nilizifuta mara ya mwisho ingawa zilikuwa safi.

Panin alikuwa kwenye benchi. Akapiga benchi kwa kiganja, nikakaa.

"Unajua," akasema, "mama naye alikuwa anatuchanganya. Siku moja alimwosha mmoja mara mbili, mwingine akalala na uchafu. Hakuna aliyejua ni yupi. Mpaka leo tunabishana."

"Mama, nisamehe."

"Nimekwambia nimekusamehe? Nimekwambia habari ya kuoga." Akavuta pua. "Kama ungeandika sawasawa, wangemwita yeye moja kwa moja. Asingekuja. Namjua. Angejifungia chumbani mpaka afe. Lakini pia kama ungeandika sawasawa nisingechomwa. Basi sijui nikuweke wapi. Kaa tu."

Nikakaa. Nje upepo ulikuwa umegeuka, ukitoka kusini, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nikanusa maji hewani.

Daktari alitoka amevua kofia, nywele zimelowa. Alisema alichokusudia kutoa kimetoka chote, na kwapani palikuwa safi kwa macho, maabara itasema. Hakusema amepona. Panin alimwomba aseme. Hakusema. Namheshimu kwa hilo.

Jioni tuliruhusiwa kuingia. Anti Dufie alisimama miguuni pa kitanda. Mimi nilibaki mlangoni, mahali pangu. Kakra alikuwa amefungwa bandeji kifua kizima, upande mmoja umeinuka, upande mmoja uko bapa kama meza. Midomo ilikuwa imepasuka. Alifungua jicho moja, akamtafuta pacha wake, akamwona. Kisha akaniona mimi.

"Maalim. Sogea, usiogope."

Nikasogea.

"Tazama vizuri," akasema. Sauti ilikuwa nyuzi tu. "Sasa hata mtu wa kaskazini hawezi kutuchanganya."

Panin alicheka. Alicheka mpaka kichwa kikaanguka kwenye godoro, na kicheko kilipokwisha mabega yakaendelea kutikisika. Kakra alijaribu kumwekea mkono wa kulia, haukunyanyuka. Akauvusha wa kushoto juu ya kifua chake, polepole, akauweka juu ya kichwa cha dada yake.

"Niwie radhi," akamwambia, "ni mkono wa kushoto."